Pazia Ulilolifunua

Kaka Kificho,

Muhogo umo chunguni, upashe moto mwenyewe. Kanzu yako nimeipiga pasi nusu. Makaa yameisha, na hamu pia. Mama nishamuaga. Alfajiri nafuatana na jirani yetu Bi Moza kwenda kwa shangazi, kule Shumba, kwa hiyo mazoezi yako ya kesho tafuta mtu mwengine.

Ulinibembeleza mwenyewe. "Keti nyuma ya pazia, Time, unisomee maswali kwa Kiingereza kama wale maprofesa wa London, n'zoee kabla sijenda kuutetea udokta wangu." Nikakwambia mie naona haya, wageni wako wanaume, na mmoja wao, Mwalimu Silima, ananisomesha skuli. Ukasema hawatanijua. Nilipokwama kwenye neno moja tu, ukalifunua pazia mbele yao: "Mtazameni profesa wangu, anatafuna Kiingereza kama muhogo mbichi." Wakacheka, nami sina hata mtandio kichwani.

Sasa skuli n'tamtazamaje Mwalimu? Sirudi huko mpaka uende kwake umwambie kuwa wewe ndiye uliyenitia pale, na wewe ndiye uliyenivunjia heshima. Meli yako Jumamosi, wakati unao.

Na huko London ukikwama, hakuna pazia la kufunua wala mdogo wako wa kumcheka. Utachekwa wewe.

~~Mungu akufaulishe.~~

Hiyo dua nimeifuta. Kamwambie Mwalimu kwanza, nikirudi n'taiandika upya.

Mdogo wako,
Time