Diski ya Tatu Kule Mau Narok

Jumanne, 10 Juni 2025

Diski moja ya seva ya zahanati ya Mau Narok imeanza kulalamika. Skrini yangu hapa Nakuru imejaa njano. Diski yenyewe bado haijafa. Seva ile ina diski nne. Moja ikienda, tatu zinabeba mzigo. Zikienda mbili — kwaheri faili za zahanati.

Nimempigia Mzee Bethwel. Kazi yake pale ni kuangalia majengo: mabomba, jenereta, kufuli. Lakini miaka sita sasa yeye ndiye mikono yangu, maana siwezi kupanda Mau kila mara kitu kikikohoa. Kompyuta hajasomea. Diski ya akiba niliyomtumia mwaka jana ameiweka kwenye kabati la dawa, imefunikwa na leso ya mkewe, vumbi lisiingie.

Nikauliza kama bado iko. "Iko, madam. Nimeiangalia asubuhi."

Anaiangalia! Sijui anategemea itaangua vifaranga.

Jumatano, 11 Juni 2025

Imekufa. Saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Na nakala ya huku Nakuru? Ya mwisho ni ya tarehe mbili. Mvua iliharibu mnara wa mtandao, laini ikabaki nyembamba, inatosha kutazama tu. Kwa hiyo siku tisa za watu ziko kule juu pekee. Watoto waliozaliwa, chanjo, majibu ya TB.

Nikampigia mzee. Toa ya pili kutoka kushoto, weka ile mpya. Rahisi. Seva haizimwi, wagonjwa hata hawajui.

Akajibu: "Madam, ya pili inawaka kijani. Hii iko hai."

Nikamwambia hizo taa ni za zamani, asiziamini. Skrini imesema diski namba mbili.

"Mimi sitoi kitu kiko hai."

Nilimwambia tena. Akakataa tena. Nikakasirika. Naandika hapa nilivyosema, ili nisije nikajidanganya baadaye: "Mzee, hii kazi mimi nimesomea." Mtu wa umri wa baba yangu!

Hakunijibu vibaya. Alisema ningoje alete kitabu. Kitabu gani tena? Kumbe siku zile diski zilipofungwa, kabla hazijasukumwa ndani, alinakili namba ya kila moja kwenye daftari la mjukuu wake, na mahali ilipokaa. Hakuna aliyemtuma.

"Nisomee namba ya hiyo imekufa."

Nikasoma kwa sauti ya mtu anayepotezewa wakati. Nne za mwisho: saba, K, nne, T.

Nikasikia kurasa zikifunuliwa. "Hiyo ni ya tatu, madam. Na ndiyo iko na taa ya machungwa."

Jasho lilinitoka mwili mzima. Mashine inaanza kuhesabu na sifuri. Sifuri, moja, mbili — namba mbili ni ya tatu! Hata mwanafunzi wa attachment, aliyekuja kujifunza kazi, anajua. Angenitii, ningeua diski ya pili kwa mdomo wangu mwenyewe.

Saa tatu unusu akatoa ya tatu, akaingiza mpya. Nilisikia ikilia tak. Halafu akanong'ona, si kwangu: "Kaa hapo. Kaa vizuri." Anabembeleza diski! Nikacheka huku machozi yananitoka.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Mpya imemaliza kujazwa. Imechukua saa kumi na moja nzima, hadi jana usiku. Zote nne kijani.

Mzee amepiga kuuliza kama mgeni amelala vizuri. Nikasema ndiyo. Ya jana hakuyataja hata kidogo. Nilitaka kuomba msamaha — nikauliza habari ya viazi vya shamba lake. Akaniambia. Kwa kirefu.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Siku mbaya.

Bosi wangu, Peterson, amesoma kumbukumbu za seva. Diski imekufa saa mbili na kumi, imebadilishwa saa tatu unusu. Kwa nini muda wote huo? Nikasema kulikuwa na mashauriano kidogo. Mashauriano!

Akasema basi ndiyo shida ya kumpa mtu wa mabomba seva — anabishana na wataalamu. Kabati la seva lifungwe, ufunguo urudi Nakuru, kitu kikiharibika fundi atatoka huku na gari. Mvua ikinyesha ile barabara, fundi atafika lini? Nilijua. Nilikuwa nimekaa pale, najua kila kitu, na nikanyamaza. Nikaitikia kwa kichwa, hata.

Jumapili, 15 Juni 2025

Kanisani sikusikia mahubiri. Nimeandika upya ripoti ya kazi ya Jumatano. Sentensi ya kwanza imenichukua saa nzima: "Maagizo niliyotoa hayakuwa sahihi." Nyingine zikaja zenyewe. Nimependekeza kila kituo kiwe na daftari la namba kama la Mau Narok. Na kila kituo kiwe na Bethwel, lakini hilo nimelifuta.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Saa nne kasorobo. Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Peterson. Ripoti iko mapajani, bado hajaiona.

Mzee Bethwel yuko hapa kando yangu! Ameitwa, lakini hakuambiwa kwa nini, isipokuwa aje na ufunguo wa kabati. Amevaa suti ya kahawia, tai, viatu vimeng'aa. Ameniletea viazi nusu gunia, viko kwa askari getini. Anadhani ameitwa kushukuriwa. Ameniuliza kama atahitajika kusema kitu, maana hakujiandaa.

Nimemwambia, "Mzee, siku ile mimi ndiye nilikosea. Na Ijumaa nilinyamaza."

Ameniangalia kidogo. "Najua ulikosea, madam. Nilikuwa kwa simu."

Kisha akanirekebishia kola ya koti, kama ya mtoto anayeenda shule.

Mlango huo unafunguliwa. Peterson anamwita yeye. Mzee anainuka — nimemshika mkono, nimemwambia akae, natangulia mimi na ripoti —