Kasa Hana Meno, Habiba

Abaayo Habiba, ndugu yangu, salamu zikufikie huko Elwak, wewe na ngamia wako. Mimi nasema, mjukuu wetu Sahra anaandika.

Leo alinipeleka ufukweni akapime umri wa kasa. Nikataka kumfungua mdomo, nihesabu meno, kama tunavyowafanya ngamia sokoni. "Ayeeyo, wacha! Hana meno!" Sahra akamkata ngozi kidogo, kama punje ya mchele. Anasema ndani yake kuna alama za vinasaba zinazobadilika mnyama akizeeka. Wanazilinganisha na za kasa wanaojulikana walizaliwa lini.

Nikamnyooshea mkono. "Kata na yangu, tujue mkubwa ni mimi au Habiba." Alicheka mpaka akakaa mchangani. Hesabu yao ni ya kasa tu, na hata hiyo ni ya kukadiria.

Basi nikala samaki wao wa nazi, si mbaya, nikafikiri. Mimi nakumbuka mgongo wako ukinibeba kwenda kisimani. Wewe wangu huukumbuki. Kumbe miaka yote nimekubishia bure! Nikirudi nitakuamkia mimi kwanza. Usizoee.

Mungu akuweke, kikongwe wangu.

Mdogo wako,
Rukia