Wimbo Uliotoka Kwenye Spika za Baba Shani

Jumapili, Rusimbi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa yamebaki manyunyu. Ziwa ni la kijivu, milima ya Kongo haionekani kabisa, na mama amejilaza ndani baada ya chakula cha mchana. Mimi nimekaa barazani na simu mkononi.

Sijui nianzie wapi. Nianze na muziki, maana humu kwenye blogu yangu sijawahi kuanza na kitu kingine.

Ugonjwa wangu unajulikana. Napenda muziki wa kucheza unaotengenezwa na watu wasio na kampuni wala meneja. Mtu na kompyuta yake kuukuu, kinanda cha umeme cha mtumba, na godoro lililoegemezwa dirishani kuzuia kelele za jirani. Napenda ile ngoma ya mashine inayopiga kavu bila kuchoka. Napenda besi inayotembea chini yake kama mtu anayejua anakokwenda, halafu vinanda vinaingia juu na chumba kizima kinakuwa na mwanga. Mwimbaji anakueleza alivyoachwa, sauti yake tulivu kabisa, na wewe huku unacheza. Kazini Gungu, kwenye duka la dawa, wenzangu wananiuliza kwa nini muziki wangu unasikika kama friji. Nawaambia wasikilize vizuri, friji hilo lina moyo.

Katika wote hao, ninaowapenda zaidi ni dada wawili wa Bujumbura wanaojiita Betri Mbili. Hatujawahi kuonana. Niliandika habari zao hapa wakati nyimbo zao zilikuwa hazijulikani hata na majirani zao, wakanitumia ujumbe wa kushukuru, tukawa marafiki wa kwenye simu. Tangu hapo, wakimaliza wimbo, wananitumia kabla hawajautoa ili niwape maoni yangu ya kweli. Sijui kama wanajua jambo hilo linanivimbisha kichwa kiasi gani.

Sasa Baba Shani.

Baba Shani ni jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ana spika mbili kubwa, maiki mbili na jenereta. Ukiwa na harusi, unamkodi. Ukiwa na msiba, hukodi. Awe aliyekufa ni Mwislamu au Mkristo, mzaliwa wa hapa au mfanyakazi wa serikali aliyehamishiwa juzi kutoka mkoa mwingine, Baba Shani akisikia tu anapakia spika kwenye guta lake la magurudumu matatu na kuja. Anazifunga chini ya turubai, anakaa pembeni na kofia yake, na siku ya mwisho anazifungua anaondoka. Hakuna aliyewahi kumwomba afanye hivyo. Ndivyo alivyo, na mtaa ulishazoea.

Mwezi uliopita mwanzoni nilipita kwake jioni nikitoka kazini. Alikuwa anajaribu spika kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Betri Mbili walikuwa wamenitumia wimbo mpya asubuhi ile, nami nilikuwa nimeusikia kwenye hedfoni tu. Nikamwomba dakika tano. Akacheka, akaniunganishia simu yangu kwa bluetooth.

Sina namna nzuri ya kueleza dakika tano zile. Besi ilipoingia, mabati ya uzio yalitetemeka na kuku wakakimbia. Kiitikio kina neno moja tu, "ngwino", njoo kwa Kirundi, linarudiwa rudiwa huku vinanda vinapanda, na kila likirudiwa unahisi kuna mtu mahali fulani anakusubiri kwa hamu. Nilicheza pale uani na sare yangu ya kazini, mkoba begani. Baba Shani alisimama na bisibisi mkononi, kichwa amekiinamisha, anasikiliza kama fundi. Wimbo ulipokwisha alisema, "Muziki wako una baridi, Zaituni. Lakini miguu haikatai." Kisha akaniambia niupige tena.

Niliondoka pale na furaha ya mtoto. Simu yangu nayo iliondoka ikiwa imezikariri zile spika, na hilo sikulifikiria.

Wiki moja baadaye Mzee Issa alifariki. Alikuwa mtu wa bandarini mpaka alipostaafu, mume wa Bi Mwasiti, ambaye ni rafiki wa mama tangu wote wawili wakiwa wasichana Ujiji. Tulikwenda wote kusaidia. Siku ya tatu, siku ya hitima, niliwekwa kwenye wali, nyuma ya nyumba, pamoja na kina mama wengine.

Niandike kama lilivyo. Nilivaa hedfoni ndani ya ushungi. Nilikuwa nasikiliza muziki wa dansi msibani.

Nina sababu, na nimeirudia moyoni zaidi ya mwezi mzima. Wale dada walikuwa wameuchanganya upya wimbo wao na walitaka jibu langu siku ile ile. Nikajiambia mara moja tu, kwa sauti ya chini, nani atajua. Nilikuwa nageuza wali na mwiko ulikuwa unagonga ukingo wa sufuria kwa mdundo wa Betri Mbili. Hata leo nikikumbuka ule mwiko natamani kujificha.

Mbele ya nyumba, Baba Shani alikuwa amefungulia kisomo cha Kurani kutoka kwenye simu yake. Sheikh alipochukua maiki kuanza dua, Baba Shani akazima kisomo na kuiondoa simu yake. Spika zikabaki zinangoja simu yoyote zinayoifahamu. Na wakati huo huo hedfoni zangu zikaisha chaji.

Nikasikia kimya masikioni. Nikaingiza mkono mfukoni, nikabonyeza wimbo uendelee. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho.

Besi ikatoka chini ya turubai.

Ilitoka na ngoma yake yote, na wale dada wakiita "ngwino, ngwino" juu ya vichwa vya watu walioinua mikono kumwombea maiti. Wengi pale ni Waha, lugha yao inakaribiana na Kirundi, neno lile halihitaji mkalimani. Mimi niliacha mwiko nikakimbilia uzio. Nilipochungulia kwenye upenyo wa uzio, Baba Shani alikuwa ameshachomoa waya na watu wote wamemgeukia yeye. Alitazama spika, kisha akatazama upande wa jikoni kwa muda kidogo, kisha akatazama chini. Akasema wamsamehe, mtambo wake umeleta hitilafu.

Sadiki, mtoto mkubwa wa marehemu, alikuja mpaka usoni pake. Hakupiga kelele. Alimwambia, "Beba disko lako uondoke kwa baba yangu."

Baba Shani alipakia spika peke yake. Hakuna aliyenyanyuka kumsaidia, na guta lilipata shida kutoka kwa sababu ya viatu vya watu vilivyojaa njiani. Ilibidi ainame avisogeze kimoja kimoja.

Nilizima simu, nikarudi kwenye sufuria. Wali haukuungua. Watu waliusifia.

Nilijiambia nitasema jioni, watu wakitawanyika. Halafu nikajiambia nitasema kesho. Baada ya wiki, jambo lenyewe likawa kama limepoa, na mimi nikaanza kupumua. Lilipoa kwangu tu. Mtaani maneno yaliendelea, kwamba Baba Shani siku hizi kalewa harusi, kwamba hana tena heshima ya kutofautisha ngoma na dua. Palipotokea msiba mwingine nyuma ya soko, alipakia guta kama kawaida akaenda. Walimrudisha kabla hajafika mlangoni. Nilimwona akirudi, guta limejaa vile vile, akinisalimia kama siku zote. Mama aliposema mezani kwamba yule mtu kazeeka vibaya, mimi niliomba niongezewe mboga.

Kitu kimoja kinaniuma kuliko vyote. Tangu siku ile nimebandika maandiko manne humu. Manne. Moja linahusu wimbo ule ule, baada ya Betri Mbili kuutoa rasmi. Niliusifia aya sita. Niliandika, na nanukuu aibu yangu mwenyewe, kwamba "wimbo huu unafaa kusikilizwa kwenye spika kubwa".

Leo asubuhi mama alisema arobaini ya Mzee Issa ni Alhamisi, na spika zitaletwa na mtu wa Gungu, kwa kulipia. Alisema Baba Shani alikwenda mwenyewe kwa Sadiki kuomba azilete, bure, na atakaa mbali na hapo asionekane, mtu mwingine aziwashe. Sadiki akamkatalia. Mama alilieleza hilo kama kichekesho. Mimi niliacha chai.

Nilitoka na mvua ile ile. Nilimkuta uani chini ya bati, anafuta vumbi kwenye spika kwa kitambaa, ingawa zilikuwa hazina vumbi. Nikampa shikamoo yake. Nikasema yote nikiwa nimesimama, haraka, hedfoni, chaji, wali, kila kitu. Hakuacha kufuta.

"Najua," alisema.

Nikamuuliza anajua tangu lini.

"Kabla sijachomoa waya. Mji huu wote nani mwingine alikuwa na wimbo ule?"

Kweli. Ulikuwa haujatoka bado. Duniani tulikuwa watu wanne tulioujua, na wa nne wa hao ni yeye, kwa sababu mimi ndiye niliyemsikilizisha, mara mbili, kwenye spika zile zile. Zaidi ya mwezi nimejificha nyuma ya mtu aliyekuwa ananiona.

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Alisema nina mama yangu hapa mtaani, rafiki wa wafiwa, na mimi ni binti bado, maneno kama yale yangenifuata kila nyumba nitakayoingia. Yeye ni mtu mzima, akaona atabeba. Halafu akaacha kufuta, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Ila sikudhani ungeniacha nibebe mpaka leo."

Nililia. Hakunibembeleza, na nashukuru hakunibembeleza. Aliniletea kigoda, tukakaa tukitazama matone yakidondoka kutoka kwenye bati. Akaniambia kwamba anasoma ninayoandika humu. Mwanawe Shani alimwonyesha mwaka jana namna ya kufungua, na tangu siku ya hitima amekuwa akifungua kila Jumapili kuona kama nimeandika. Alikuta nasifia vinanda.

Hesabu ya blogu inanionyesha wasomaji kumi na mmoja. Nimejivunia kumi na mmoja hao kama mtu aliyejaza uwanja. Mmoja wao alikuwa anafungua kutafuta neno moja tu kutoka kwangu.

Nilimuuliza kama ameusikia wimbo ulivyotoka, maana umebadilika, vinanda vya mwisho vimekuwa virefu zaidi. Alisema hajaufungua. Alisema kwa upole tu, na ndiyo mara ya kwanza nikaelewa kwamba hata hilo nimemwondolea. Alikuwa ameupenda.

Sitausingizia muziki. Leo nimejaribu, wakati natembea kurudi nyumbani, kujifanya kwamba nitaacha, nifute nyimbo zote na nifunge blogu hii, niwe mtu mzito. Huo nao ungekuwa ujanja wa kulipa kwa kitu ambacho Baba Shani hakunidai. Muziki ule ni mzuri. Wale dada hawakumkosea mtu. Mimi ndiye niliyewaingiza msibani, na mimi ndiye niliyerudi kwenye sufuria.

Baba Shani hakuniambia niende kwa Bi Mwasiti. Nilikuwa natamani aniambie, ili iwe amri yake. Alinisindikiza mpaka njiani, akasema nimsalimie mama.

Basi nitakwenda mwenyewe. Bi Mwasiti yuko eda, hatoki, nitamkuta. Kesho asubuhi kabla ya kwenda kazini nitapita, na nitaomba Sadiki aitwe akae pale pale, maana ndiye aliyetamka lile neno mbele za watu na ndiye anayeweza kulirudisha. Leo jioni nitamwambia mama kwanza, asije akalisikia kwa jirani. Naogopa sura ya mama kuliko ya Sadiki. Huenda wakanifukuza. Huenda Alhamisi spika zikawa za mtu wa Gungu vile vile, kwa sababu ameshapewa neno. Hilo siwezi kulipanga.

Ninachoweza ni hiki. Andiko hili litabaki kwenye simu, halijabandikwa, mpaka nitoke nyumbani kwa Bi Mwasiti. Nikishindwa kusema, halitasomwa na mtu, na humu hamtakuwa na neno jingine kutoka kwangu, la vinanda wala la nini.

Kwa hiyo, Baba Shani, ukifungua ukalikuta hapa, ujue nimeshasema. Kwa jina langu, mbele ya Sadiki.