Daktari Kasema Mume Wangu Amepona

Burul, nimetoka sasa hivi kwa yule daktari wa tume ya ulemavu.

Dakika tano. Miaka mitatu tangu farasi amtupe Kubat kwenye kok-boru, ule mchezo wa kugombania mzoga wa mbuzi juu ya farasi, fuvu likapasuka, na daktari kampima dakika tano.

Kamuuliza leo siku gani. Kamwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka mia. Kubat kajibu yote, huku anatabasamu.

"Amepona. Arudi kazini."

Eti amepona. Nikamwambia huyu huacha jiko linawaka, hupotea akienda sokoni, juzi kamrushia mama yake birika la chai. Kanijibu bila kuniangalia: "Hasira si ugonjwa, dada. Wewe unamdekeza."

Namdekeza, Burul. Mimi.

Nikamuuliza daktari mwanawe anasoma wapi. Akasema shule ya kule juu mlimani, huenda na basi.

"Basi hilo ndilo alilokuwa akiendesha mume wangu," nikamwambia. "Haya, gonga muhuri. Kesho asubuhi atakuja kumchukua mwanao."

Muhuri ulikuwa mkononi. Akauweka mezani, akaandika barua ya vipimo kamili hospitali kuu ya Bishkek.

Kubat akamshukuru, kisha akamuuliza jina lake kwa mara ya nne.