Mama Jiho Alidhani Umechelewa

Dada Mghoi,

Asubuhi ile tulikunywa chai pamoja hapa ughaibuni, chumbani kwetu Al Wakrah, ukalalamika viatu vya kazi vinakubana, ukatoka. Mchana meneja wa hoteli akanipigia kwamba umeanguka pale mapokezi na hukuamka. Hukuamka vipi? Wewe hata homa hukuwa nayo.

Mwanafunzi wako wa Kiingereza hakuna aliyemwambia. Hospitalini nilipewa simu yako, nikakuta ujumbe wa Mama Jiho, yule Mkorea wako wa mtaa wa Abu Hamour. Anakukumbusha mtasoma maneno ya hisia, na ameandaa chakula. Basi nikaenda mwenyewe. Alifungua mlango akitabasamu, kitabu mkononi. Mdomo wangu ukasema Kiingereza cha nyumbani: "Teacher is late."

Sisi kwa neno hilo tunamaanisha marehemu. Yeye alisikia umechelewa. Akasema hakuna shida, tutamngoja. Akakupakulia sahani yako, dada, akaifunika chakula kisipoe. Nami nimesimama pale, namtazama akikupangia vijiti vya kulia.

Ilibidi nimwambie tena, kwa neno lile baya lenyewe. Alikaa chini sakafuni. Kisha akasema, "I sad."

Ulikuwa ukinisimulia, unacheka, jinsi unavyomhangaikia aweke "am" hapo katikati, naye anakujibu kwamba Kikorea hakihitaji, huzuni kwao ni kitenzi, mtu anahuzunika tu, basi. Sikumsahihisha. Nilimwambia hata kwetu neno moja linatosha: nimehuzunika. Akalirudia polepole, silabi moja moja, machozi yakimdondokea kitabuni.

Jumapili alikuja kwenye maombi, kabla ndege haijakuchukua. Akaomba aongee na mama yako kwa simu. Mama hajui Kiingereza, yeye hajui Kitaita. Walilia tu, kila mmoja upande wake, na hakuna aliyekata simu.

Kitanda chako bado hakijapewa mtu. Nikisikia ufunguo mlangoni nageuka kukuangalia, halafu nakumbuka. Kila mara ni kama nimepigiwa simu ile upya.

Buriani, dada yangu. Nikipata likizo sitaanzia kwetu Nakuru. Nitapanda kwenu Wundanyi moja kwa moja, nikae na mama yako jikoni, nimweleze binti yake alikuwa mtu gani huku.

Wako,
Wanjiku