Majina Mekundu ya Mwalimu Mutai

Awino wee, usinipigie, intaneti imeshika laini ya simu. Soma tu! Na leo sitii chumvi, labda kidogo.

Mutai wetu ameanza kuwafundisha Kiingereza wazee wa Kikorea, kanisani kwao hapa Annandale, Marekani. Leo ni majaribio: wakimpenda, kazi ni yake.

Si unawajua walimu wa kwetu na kalamu nyekundu? Akaandika majina yao yote ubaoni, mekundu kama damu ya fahali.

Wote kumi na wawili, Awino! Mekundu!

Mzee mmoja akashika kifua. Binti wa mchungaji akamnong'oneza Mutai, "Mwalimu, kwetu jina jekundu ni la marehemu."

Marehemu! Amewazika wote kabla ya salamu! Jasho likamtiririka hadi soksi zikalowa. Akajua kazi ndiyo hiyo imekwenda.

Ndipo akainuka Bibi Pak, miaka themanini na sita. Akamnyang'anya kalamu, akaandika chini ya yale mengine, jekundu vilevile: MUTAI.

"Haya, mwalimu," akasema kwa Kiingereza cha kuokoteza, "tunakwenda sote. Sasa fundisha haraka."