Kupe wa Deo

Mabira, Jumanne usiku

Hawakufa! Jana jirani yangu Deo aliwanyunyizia ng'ombe wake dawa, na leo nimewakuta kupe masikioni wananyonya damu, wametulia kama wageni waalikwa.

"Kaka, dawa za siku hizi feki," akalalamika.

"Si dawa, Deo. Kila mwaka unaizidishia maji ili chupa ifike Krismasi. Kupe dhaifu wakafa, wagumu wakabaki kuzaa. Hawa ni wajukuu wa wagumu."

"Basi mimi ni mfugaji bora," akacheka.

Nilicheka pia. Ila tunachunga pamoja. Dawa yangu naipima sawasawa, lakini kwa kupe wa Deo ni manyunyu tu.

Jioni nimempapasa ndama wangu chini ya sikio. Tezi imevimba. Ndigana kali, ugonjwa wa kupe unaoua ndama, huanza hivyo.

Mama yake bado anamlamba.